Twahara si gharama: Tupunguze mzigo wa kufua majumbani mwetu

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni yakawa twahara kwa waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kutajwa katika mimbari zetu, ingawa hakuna nyumba isiyolikabili kila wiki. Nalo ni ufuaji wa nguo. Huenda msomaji akajiuliza, beseni na sabuni vina uhusiano gani na ukurasa wa dini? Tunamjibu kuwa nguo twahara ni miongoni mwa masharti ya kusihi kwa swala. Maji na mali ni neema ambazo tutaulizwa tulivyozitumia. Na mikono inayofua ni mikono ya wake zetu, mama zetu na mabinti zetu, ambao nao tutaulizwa tulivyoishi nao. Jambo linalogusa swala, mali na haki za watu haliwezi kuitwa dogo.

Hali ilivyo

Tuchukue mfano wa Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Milima ya Upare huzuia mawingu yanayotoka upande wa Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo, juu milimani, kuanzia Chome chini ya kilele cha Shengena hadi Vudee na Mbaga, kuna misitu, chemchemi na ukungu, na mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000. Lakini tambarare ya magharibi inakopita barabara kuu, yaani Hedaru, Makanya na mji wa Same wenyewe, iko nyuma ya milima hiyo na hupata takriban nusu tu ya mvua hiyo. Aliye juu ana maji lakini mara nyingi hana jua; nguo huweza kukaa kambani siku mbili zikiwa mbichi. Aliye chini ana jua la kukausha nguo kwa muda mfupi, lakini maji kwake ni dumu la kununua, au la kubeba kichwani, au la kusubiri zamu.

Katika mazingira kama haya mtu angetarajia kuwa ufuaji ungekuwa wa hesabu na wa uangalifu. Kinyume chake, tunaona madhara matatu yakienea, na si Same peke yake.

La kwanza linahusu swala. Wapo akina mama wanaoacha swala kwa miezi, tangu wamalize nifasi hadi mtoto aanze kutembea, kwa hoja moja tu: "Nina mtoto mchanga, nguo zangu haziswaliki." Wapo wakulima wa tangawizi kule Mamba Miamba, na mafundi na wapiga debe wa stendi hapa chini, wanaosikia adhana ya Adhuhuri wakaupita msikiti kwa sababu suruali ina tope au oili. Na wapo vijana wasiokwenda madrasa kwa kuwa kanzu moja waliyo nayo haijafuliwa.

La pili ni la mali. Kuna nyumba ambamo fedha za sabuni za unga zenye manukato, maji ya kulainisha nguo, bluu, na dawa za kung'arisha nguo nyeupe hupatikana kila mwezi, lakini ada ya madrasa au daftari la mtoto husubiri.

La tatu ni la mwili. Mzigo wote huu humwangukia mtu mmoja: mama mwenye nyumba, binti yake, au msichana wa kazi, ambaye huinama juu ya karai tangu baada ya Alfajiri hadi jua la utosi, hali wanaume wa nyumba hiyo wamekaa barazani wakingoja kanzu zipigwe pasi.

Uislamu unataka usafi

Kabla hatujaendelea, ieleweke kwamba hatuwaiti watu kwenye uchafu. Katika aya ya nne ya Suratul Muddaththir, miongoni mwa aya za mwanzo kabisa kumshukia Mtume (S.A.W.), Mwenyezi Mungu alimwamrisha azitwaharishe nguo zake. Wapo wafasiri walioifahamu amri hiyo kuwa ni kuitakasa nafsi na amali, na wapo walioichukua kwa dhahiri yake. Na hakuna mgongano baina ya maana hizo mbili, kwani usafi wa nje na wa ndani husaidiana.

Imamu Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu aliyevaa nguo chafu, akauliza iwapo mtu yule hakupata kitu cha kufulia nguo yake. Swali lile lilikuwa karipio la upole. Kadhalika amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliona si vibaya kwa mwenye uwezo kujiwekea nguo mbili kwa ajili ya siku ya Ijumaa, zisizokuwa nguo zake za kazi. Mafunzo haya ni ya adabu na pia ni ya uchumi wa nyumba, kama tutakavyoona mbele.

Na Mola huyo huyo, katika aya ya 31 ya Suratul A'araf, alipowaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao wanapokwenda kuswali, hapo hapo aliwakataza israfu na kubainisha kuwa hawapendi wenye kupita kiasi. Pambo la ibada na katazo la ubadhirifu vimekuja katika aya moja. Hivyo basi, anayekwenda msikitini na kanzu nyeupe pee iliyofuliwa kwa israfu, ametekeleza nusu ya aya na kuiacha nusu.

Uchafu na najisi si kitu kimoja

Chanzo kikubwa cha mashaka yetu ni kuchanganya mambo mawili ambayo sharia imeyatenganisha. Uchafu ni kila kinachoichukiza nafsi; najisi ni vitu maalumu vilivyotajwa na sharia kuwa vinazuia swala, kama vile damu, mkojo, kinyesi na mizoga. Kila najisi ni uchafu, lakini si kila uchafu ni najisi.

Jasho si najisi. Mate na kamasi si najisi. Maziwa ya mama si najisi. Vumbi, masizi ya jikoni, mafuta ya kupikia, oili ya gari, utomvu wa mgomba na udongo wa shambani, vyote hivyo si najisi. Ama tope la barabarani wakati wa masika, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema asili yake ni twahara maadamu hatuna yakini ya najisi; na hata ikiwepo yakini, kiasi ambacho ni vigumu kukiepuka kimesamehewa. Aidha, damu kidogo ya mbu au kunguni imesamehewa.

Kwa hiyo mkulima wa Mamba Miamba aliyechafuka udongo, na fundi aliyepaka oili, swala yao katika nguo hizo inasihi. Akiweza kubadili, ni bora na ni adabu kwa msikiti na kwa wenzake. Lakini kuiacha swala ikatoka wakati wake kwa sababu ya udongo ni kosa kubwa ambalo halifutwi na udhuru wa nguo. Auswalie ukingo wa shamba lake, kwani ardhi yote imefanywa mahali pa kusujudia kwa umma huu.

Jambo jingine linalowahusu sana wafugaji wa milimani ni mavi ya ng'ombe. Kwa madhehebu ya Shafi hiyo ni najisi, ingawa Imamu Malik na Imamu Ahmad wameona kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara. Dawa yake kwetu si kufua kila siku. Mama anayebeba mbolea kutoka zizini kwenda shambani na awe na nguo moja ya kazi hiyo, aitundike nje ya nyumba, aifue inapostahili kufuliwa. Hapa ndipo tunapoona faida ya yale mafunzo ya kutenga nguo za kazi na nguo za ibada: nguo za swala zikikaa mbali na kazi, hazihitaji kufuliwa mara kwa mara.

Na wanaouliza kuhusu mitumba inayouzwa minadani, tunawajibu kuwa asili ya nguo ni twahara mpaka najisi ithibiti. Imepokewa kutoka kwa Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alivaa joho la Sham lenye mikono ya kubana akiwa safarini, na Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi. Mtumba ufuliwe mara moja kwa ajili ya usafi na afya, hilo ni jema. Lakini kuufua mara saba kwa kuhofia aliyeuvaa kabla yako hakuna dalili yake. Kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ni kwa najisi ya mbwa na nguruwe tu.

Enyi akina mama, msiiache swala

Tunarudi kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa kuwa suala lake ndilo zito kuliko yote. Ummu Qais binti Mihswan (R.A.) alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.) mwanawe mdogo wa kiume ambaye alikuwa bado hajaanza kula chakula. Mtoto akamkojolea Mtume (S.A.W.) nguoni. Mtume (S.A.W.) akaagiza maji, akayanyunyiza mahali pale, wala hakuifua. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Kutokana nayo wanavyuoni wa Kishafi wamesema: mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajafikisha miaka miwili na hajalishwa kitu kwa ajili ya kushiba isipokuwa maziwa, hutosha kukausha umajimaji wake kisha kunyunyiza maji yakaenea pale ulipofika. Kwa mtoto wa kike, au wa kiume aliyekwisha kuanza uji, mahali hapo huoshwa. Na kuoshwa maana yake ni kumiminiwa maji mpaka athari iondoke. Ni mahali hapo tu, si kanga nzima, wala si nguo zote za mama.

Basi tunawausia dada zetu jambo jepesi. Tenga kanga mbili, au baibui moja na mtandio, utundike mahali asipofika mtoto. Ukifika wakati wa swala, jifute au jioshe palipoingia najisi mwilini, vaa nguo hizo, swali, kisha uzirudishe. Nguo hizo zinaweza kukaa wiki nzima bila kufuliwa, na hakuna swala itakayokupita. Mola wetu hakutufanyia uzito katika dini, na mwanamke aliyebeba uchungu wa uzazi hastahili kubebeshwa pia wasiwasi ambao Allah hakumbebesha.

Waume nao wasikwepe. Mume anayemwona mkewe haswali kwa miezi kwa sababu ya mkojo wa mtoto, naye akanyamaza kwa kuwa hajui au hajali, ana sehemu yake katika dhambi hiyo. Ajifunze hukumu hii amfundishe, tena amnunulie hizo kanga mbili.

Namna nyepesi ya kutwaharisha

Bwana mmoja wa jangwani alikojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Watu wakamjia juu, Mtume (S.A.W.) akawazuia, kisha akaagiza ndoo moja ya maji ikamwagwe pale. Ndoo moja tu kwa najisi iliyoingia msikitini! Na Asmaa binti Abibakar (R.A.) amesimulia kwamba mwanamke aliuliza juu ya nguo iliyoingiwa na damu ya hedhi, akaelekezwa aikwangue, aifikiche kwa maji, aisuuze, kisha aswali nayo. Hakuambiwa aitupe, wala anunue nyingine, wala aifue mara kadhaa. Na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akifua sehemu ya nguo ya Mtume (S.A.W.) iliyohitaji kufuliwa, naye akatoka nayo kwenda kuswalisha hali maji yangali yakionekana juu yake.

Kwa mujibu wa dalili hizi, utaratibu ni huu. Kwanza, ondoa dhati ya najisi, kwa mfano kinyesi kilicho katika nepi ya kitambaa, ukimwage chooni. Pili, mimina maji safi juu ya mahali hapo mpaka rangi, harufu na ladha ya najisi viondoke. Kopo moja au mawili mara nyingi hutosha. Tatu, sasa ingiza nguo katika beseni la sabuni pamoja na nyingine.

Mpangilio huu una siri. Kwa madhehebu ya Shafi, maji machache, yaani yasiyofikia qulatayni ambazo hukadiriwa kuwa lita 200 na zaidi kidogo, yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika. Anayetumbukiza nepi chafu moja kwa moja katika beseni la lita 20 pamoja na mashati amezinajisi nguo zote, na sasa anahitaji maji mengi zaidi kuzitwaharisha. Aliyeanza kwa kumimina kopo moja amejiokolea madumu mawili. Vilevile maji yaliyobadilika kwa povu la sabuni ni safi lakini hayatwaharishi, kwa hiyo najisi iondolewe kwa maji matupu, au suuza ya mwisho iwe ya kumiminia maji matupu.

Ama doa linalobaki baada ya kusugua na kutumia sabuni, ikiwa ni rangi peke yake au harufu peke yake iliyoshindikana, limesamehewa. Ipo hadithi ya Khaula binti Yasar (R.A.) yenye maana hiyo, na ingawa wanavyuoni wameizungumza isnadi yake, hukumu yake imekubalika katika fiqhi. Basi hakuna haja ya kununua dawa kali za kuondoa kivuli cha damu kwa kudhani swala haitasihi. Dawa hizo, hasa zile zenye klorini, huchosha nyuzi na kuipasua nguo kabla ya wakati wake. Na kuzichanganya na dawa nyingine za kusafishia choo hutoa hewa ya sumu ambayo imekuwa ikidhuru watu. Wala wasiwasi usipewe nafasi, kwani kanuni ya fiqhi inasema yakini haiondolewi kwa shaka.

Sabuni nyingi si usafi mwingi

Wengi tunadhani povu likifurika ndipo nguo zimetakata. Hesabu ya nyumbani inatuambia kinyume: kila gao la sabuni unaloongeza linadai maji ya ziada ya kusuuzia. Kwa mkazi wa Same, ambaye maji ni ghali pengine kuliko sabuni, anayeongeza sabuni bila sababu amepoteza mara mbili.

Ni kweli kwamba pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, sabuni hukataa kutoa povu. Sababu yake ni madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo, ambayo hushikana na sabuni yakafanya utando mweupe juu ya nguo. Sabuni ya mche huathirika zaidi kuliko ya unga. Dawa yake si kumaliza mche mzima, bali ni kutafuta maji laini, na maji laini kuliko yote ni ya mvua, nayo hayauzwi.

Tufanye hesabu. Paa la bati la mita 6 kwa 8 lina eneo la mita za mraba 48. Ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, paa hilo hupokea lita 480. Tukiondoa yanayomwagika na yale ya mwanzo yanayosafisha vumbi, hubaki kama madumu 20. Hiyo ni mvua moja ya vuli. Kwa mfereji wa bati na pipa, familia hupata maji ya kufulia ya wiki kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kwa hayo madumu, mpango uwe hivi. Loweka nguo kwa nusu saa katika maji yenye sabuni ya kiasi. Kulowekwa hufanya kazi ambayo mkono ungeifanya kwa maumivu. Sugua kwanza kola, makwapa na pindo za mikono, maana ndiko kwenye uchafu. Anza na nyeupe, zifuate za rangi, zimalizie za kazi, katika maji yale yale ya povu. Kwa mzigo wa kawaida dumu moja liwe la kufulia, la pili la suuza ya kwanza, la tatu la suuza ya pili. Na ukiwa na fungu jingine la nguo, maji ya suuza ya pili yawe ndiyo ya kulifulia. Povu linalobaki, maadamu najisi iliondolewa mwanzo kama tulivyoeleza, lisafishe sakafu, kisha choo, au limwagwe uani kutuliza vumbi. Nguo ikung'utwe vizuri na ianikwe ikiwa imenyooshwa, za rangi zikigeuzwa ndani nje. Nguo iliyoanikwa hivyo haihitaji pasi ndefu, na mkaa au umeme hubaki.

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambacho ni kibaba kisichofika lita moja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Ikiwa hivyo ndivyo alivyoyatumia maji katika ibada yenyewe, vipi sisi tuyamwage katika yaliyo chini ya ibada?

Maji ni amana ya wote

Wapare walilijua hili tangu zamani. Katika Upare ya kusini kuna ndiva, mabwawa madogo ya asili yanayokusanya usiku kucha maji ya vijito, asubuhi yakafunguliwa kushuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva ya Manoo kule Bangalala ni mojawapo. Mfumo ule haukusimama kwa saruji. Ulisimama kwa watu kukubaliana kwamba wa juu asimnyime wala kumchafulia wa chini.

Leo tunaona mabeseni yakipelekwa mitoni na mifereji ikigeuzwa mahali pa kufulia, na povu likishuka kwa jirani anayechota maji ya kunywa. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatahadharisha juu ya kuchafua sehemu wanazochota watu maji, akilihesabu jambo hilo miongoni mwa yanayoleta laana. Mwenye kufahamu makusudio ya sharia hatatofautisha sana baina ya mkojo na povu la nepi. Hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zenye kudhuru vyanzo vya maji ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Chota maji, yapeleke mbali na kijito, fulia huko, na maji machafu yamwagike ardhini.

Tunamshukuru Allah (S.W.) kwamba Machi 2025 mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa baada ya kusubiriwa miaka mingi. Lakini bomba nalo lina mita, na mita ina bili. Neema ikija, shukrani yake ni kuitumia kwa kiasi. Si kuacha bomba wazi wakati wa kusuuza kwa kuwa tu sasa halibebwi kichwani.

Nani anafua?

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Katika riwaya nyingine ametaja kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona aibu kushika sindano, kijana wa miaka 15 anaona aibu gani kufua soksi zake za shule? Wazazi na wawafundishe watoto wote, wa kiume na wa kike, kufua nguo zao za ndani na sare zao. Baba abebe madumu, akamue mablanketi, afunge kamba. Kazi ya watu watano ikifanywa na watano huisha kabla ya Adhuhuri.

Ama msichana wa kazi, Mtume (S.A.W.) ametuusia kwa wanaotutumikia tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kisheria kuajiriwa hata kidogo. Na aliye mkubwa asibebeshwe karai la watu wanane huku mikono yake imechubuka kwa dawa kali. Dobi vilevile alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kumwambia "njoo kesho" wiki tatu mfululizo, hali tumevaa kanzu aliyoifua yeye, ni dhulma tunayokwenda nayo hadi safu ya kwanza.

Hitimisho

Ndugu Waislamu, sharia imetaka kwetu nguo twahara, na kwa hilo ikaridhika na maji, na mikono inayosaidiana. Kinachozidi hapo mara nyingi ni ada zetu, ushindani wetu na wasiwasi wetu. Tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa wa Same, na kwingineko, watenge darsa moja kwa ajili ya fiqhi ya najisi na nguo, wawaite akina mama wenye watoto wachanga kwa namna ya pekee, na wawaeleze kwa lugha nyepesi. Huenda kwa darsa hilo moja swala nyingi zilizokufa zikahuika.

Na fedha itakayobaki kwa kupunguza sabuni na manukato yasiyo ya lazima, ielekezwe kwenye ada ya mtoto, au imnunulie mche wa sabuni jirani asiye nacho, ili naye apate kusimama Ijumaa akiwa safi pembeni yako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azitwaharishe nyoyo zetu kama anavyotuwezesha kuzitwaharisha nguo zetu, atujaalie kiasi katika mali na maji, na awape malipo mema wale ambao mikono yao ndiyo inayotuvisha usafi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.